Pedi za Khalayi Kutoka Soko la Mbwa

Ukitaka kujua mabega ya Khalayi yametoka wapi, nenda jikoni katika shule ya wasichana anakofanya kazi, upande wa Mukumu, saa tano asubuhi. Utamkuta amesimama juu ya kibao, mwiko mrefu kama jembe mikononi, akisonga obusuma, ugali wa wasichana mia tisa. Sufuria ni tatu. Ya kwanza ikiiva, ya pili inachemka, na jasho linamtiririka mgongoni. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Majirani tunamwita Mama Wendy. Mumewe, Jairus, huendesha trekta la kubeba miwa, kwa hiyo msimu wa kuvuna tunamwona Jumapili tu, kanisani, akisinzia. Mimi ni jirani wa ua kwa ua, na kwa miaka yote hiyo sikujua kwamba mwanamke huyu aliyekuwa akinikopesha chumvi aliwahi kuwa kipa wa hoki ambaye washambuliaji wa Kisumu walikuwa wakiulizia kama yupo kabla ya kupanda basi kuja huku.

Nasema haya kwa hasira kidogo, nisamehewe. Mwanamke wa kwetu akishafika thelathini na kupata watoto wawili, tunamtoa uwanjani kimyakimya na kumwelekeza kwenye chama, kwaya na matanga. Hakuna anayemfukuza. Tunamnyima vifaa tu, halafu tunasema aliacha mwenyewe.

Khalayi hakuacha mwenyewe. Alidaka akiwa shuleni, akadaka misimu miwili katika klabu ya mjini, na klabu ikafa siku mfadhili alipobadilisha namba ya simu. Wachezaji waligawana mali iliyobaki. Khalayi alipata kofia ngumu yenye wavu wa chuma na vile viatu vya sponji ambavyo kipa huvaa juu ya raba zake ili apige mpira kwa mguu. Pedi za miguu, zile zinazofunika kuanzia kifundo hadi juu ya goti, zilichukuliwa na kipa mwenzake aliyehamia Nairobi. Kofia na viatu Khalayi alivifunga katika gunia, akavitundika kwenye paa la jikoni kwake, na moshi ukavihifadhi miaka kumi na minne.

Mwaka jana Maurine, aliyekuwa nahodha wake zamani na ambaye sasa ni karani katika ofisi moja ya kaunti, alianza kuwakusanya wachezaji wa zamani. Walikuja wauguzi, walimu, mwuza samaki mmoja, na dada mmoja aliyekuwa ameanza kunyonyesha. Walifanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, na mimi nikajitolea kuwaandikia magoli kwa sababu nilikuwa na kalamu na sikuwa na kazi. Khalayi alikuja Jumapili ya tatu. Alisimama golini akiwa na kofia, viatu vya sponji na fimbo ya kuazima, miguu ikiwa haina kinga, na Maurine akaamuru apigiwe mipira ya polepole. Baada ya dakika kumi waliacha kupiga polepole, kwa maana hawakuwa wakifunga.

Kisha ikaja barua kutoka chama cha hoki cha eneo letu. Nafasi moja ilikuwa imebaki katika ligi ya wanawake, na timu mbili zilikuwa zinaitaka: yetu, na ya chuo kimoja kutoka Kisumu. Mechi ingechezwa Jumamosi. Timu itakayoshinda ingeandika majina ya wachezaji wake wa msimu mzima papo hapo, kutoka kwa wale waliocheza siku hiyo.

Maurine alitusomea barua hiyo Jumapili jioni, kisha akamgeukia Khalayi mbele ya watu wote. "Mama Wendy, mikono bado iko, hata kipofu ameona. Lakini refa hatakubali usimame golini na miguu mitupu. Kama hakuna pedi kufikia Jumamosi, tutacheza bila kipa. Sheria inaruhusu. Nitaongeza mshambuliaji."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Pedi zikipatikana, Khalayi angerudi. Zisipopatikana, orodha ingekwenda bila jina lake, na kwa umri wake hakuna aliyejidanganya kwamba kungekuwa na orodha nyingine.

Pedi mpya, hata za bei ya chini, zingemgharimu mtamba mmoja. Khalayi hakuwa na mtamba. Alimwendea mwalimu wa michezo wa shule yake na kuomba aazimwe pedi za wasichana kwa siku moja tu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba mali ya shule haitoki bila barua, na barua haipiti bila kikao, na kikao ni mwezi ujao. Pedi zenyewe zilikuwa kabatini, chini ya kufuli, wakati wa likizo fupi, hazikuwa zikimkinga mtu yeyote. Nilitaka kwenda kupiga kelele. Khalayi akaniambia nikae, kelele haivaliwi miguuni.

Aliuza ingokho sita, kuku wake wa kienyeji. Akapata pesa kidogo, akampigia simu Nabwire, mwanamke anayeuza mitumba mjini Kakamega na ambaye alijulikana kwa kufungua mabelo ya vifaa vya michezo kutoka nchi za baridi. Alimweleza anachotaka: vitu vikubwa, vigumu, vya kufunika miguu, vya kufungwa kwa mikanda. Jumanne Nabwire akampigia kwa furaha. Amefungua belo, na vitu vya kipa vimo, jozi nzima, vikubwa, vigumu, vina mikanda na vifungo vya chuma. Kuna watu watatu wamevishika tayari. Kama anavitaka atume pesa sasa hivi, vitawekwa kando. Khalayi alituma pesa zote za kuku kwa simu, mwiko ukiwa katika mkono wa pili.

Jumatano alasiri tulikwenda kuvichukua. Nabwire alitoa chini ya meza mfuko mzito, akaufungua kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na viatu viwili vya plastiki nyekundu, vigumu kama mtungi, virefu hadi katikati ya muundi, kila kimoja kikiwa na vifungo vinne vya chuma.

Khalayi aliviangalia muda mrefu. Kisha akasema taratibu kwamba hivyo ni viatu vya kutelezea kwenye theluji. Watu huvaa, wanafunga mbao ndefu chini, wanashuka mlima. Aliwahi kuona kwenye televisheni ya hospitali.

Nabwire alikataa. Viatu vikubwa namna hiyo, vizito namna hiyo, vingekuwa vya nani kama si vya mtu wa kupigwa na mipira? Vibarua wa kukata miwa walikuwa wamevijaribu, wakitaka kujikinga na panga, lakini hawakuweza kuinama. Kipa hahitaji kuinama sana. Alizungumza kwa uhakika mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusadiki.

"Hakukuwa na kitu kingine kwa hiyo belo?" Khalayi akauliza. "Kama godoro ndogo hivi, mbili, zina mikanda nyuma?"

"Zile? Zile nimeuzia mtu wa mbwa jana. Alisema ni za kulalia mbwa."

"Mtu wa mbwa gani?"

"Shikanga wa Lubao. Si unamjua, yule wa kelele."

Pesa hazingerudi, zilikuwa zimeshaingia katika belo lingine. Khalayi hakugombana. Alibeba viatu vyake vya theluji begani, kimoja mbele kimoja nyuma, akatembea hadi stendi huku watu wakimuuliza kama ameota kwamba barafu inakuja. Nilidhani amekata tamaa. Tuliposhuka ndipo akaniuliza kama nina nafasi kesho, kwa sababu Alhamisi ni siku ya soko Lubao.

Wageni hucheka wakiambiwa kwamba Lubao kuna soko la mbwa, lakini sisi tunaliona ni jambo la kawaida. Mbwa hufika kwa kamba, kwa baiskeli, katika vikapu, na wanunuzi hutoka mbali kutafuta wa kulinda boma. Mnunuzi haangalii rangi. Anataka kuona meno yakifanya kazi. Ndiyo maana Shikanga alikuwa na umati kuliko wenzake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya watu watatu, na miguuni alikuwa amefunga pedi mbili nene nyeupe za kipa wa hoki ya barafu. Kila mteja alipouliza kama mbwa anauma, Shikanga alimlegezea kamba, na mbwa akaruka na kumng'ata mguu mbele ya watu wote. Zile pedi zilikuwa zimetobolewa na meno ya asubuhi moja tu, pamba ikichungulia kwenye matundu, lakini mikanda yote ilikuwepo.

Khalayi alisimama mbele yake, viatu vya theluji begani, akiangalia chini.

"Mama, unataka mbwa ama unataka miguu yangu?" Shikanga akamwuliza. "Naona macho yako haipandi juu."

Watu walicheka. Khalayi akasema anataka alichovaa.

"Hii? Hii ndiyo duka yangu. Nikikuuzia duka, soko lijalo nitasimama hapa na nini? Na nguo ya ndani?"

Alimweleza. Hakuficha kitu, mechi, Jumamosi, golini. Shikanga alimpima kutoka kitambaa cha kichwani hadi ndala.

"Kwani Kakamega wasichana wameisha?"

"Wapo," Khalayi akasema. "Mimi ndiye nawapikianga. Ndiyo maana wana nguvu."

Hapo hata Shikanga alicheka, lakini kichwa alitikisa. Khalayi akashusha kiatu kimoja chekundu kutoka begani, akakigonga kwa vifundo vya vidole. Kilitoa sauti kama mlango wa benki. Akamwambia kwamba zile pedi zake zimebakiza masoko mawili kabla jino halijafika kwenye nyama, na Shikanga mwenyewe anajua hilo, kwa maana alikuwa akiruka kila mbwa alipouma upande wa kushoto. Kiatu hiki hakuna mbwa aliyezaliwa Magharibi anayeweza kukitoboa.

Shikanga alikishika, akakibonyeza, akapiga nacho nguzo. Alikuwa ameanza kukipenda, ilionekana usoni. Lakini alikuwa mfanyabiashara. "Meno itateleza," akasema. "Mteja anataka kuona meno ikishika. Mbwa ikiteleza kwa hii plastiki, watasema haina makali."

Lilikuwa neno la kweli, na nilimwona Khalayi akitulia jinsi anavyotulia golini. Aliangaza soko lote, akamwomba mwuza mahindi gunia kuukuu, akalipasua mara mbili. Alikaa chini, akavua ndala, akaingiza miguu katika viatu vya theluji, akafunga vifungo vyote vinane, kisha akavizungushia gunia na kulikaza kwa kamba ya katani. Alisimama kwa shida. Alikuwa amefanana na mtu aliyekanyaga ndoo mbili.

"Legeza huyo mkubwa," akamwambia Shikanga.

Mkubwa aliitwa Kamanda. Alikuwa mbwa mwekundu mwenye kichwa kama cha ndama, na tangu asubuhi alikuwa hajapata mnunuzi kwa sababu mzee mmoja mchimba dhahabu kutoka Malinya alimzunguka mara tatu na kusema anaonekana mpole. Shikanga alimuuliza Khalayi kama ana watoto. Akajibiwa wawili. Akauliza kama mzee wa nyumbani anajua alipo. Akajibiwa alegeze mbwa.

Khalayi alikunja magoti kidogo, mikono mbele, uzito kwenye vidole. Kamanda alikuja bila kubweka. Watu wawili waliokuwa nyuma yake walikimbia, yeye hakusogea. Alitoa mguu wa kushoto nusu hatua, mahali hasa mbwa alipokuwa akienda, na meno yakazama katika gunia na kushika. Kamanda alitikisa kichwa, akavuta, akanguruma, akavuta tena. Khalayi alisimama pale pale akimwangalia, kama mtu anayesubiri basi.

Mzee wa Malinya alitoa pesa kabla Kamanda hajafunguliwa taya. Wa pili alitaka ndugu yake Kamanda. Shikanga alijifungua pedi mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazikung'uta vumbi, akampa. Halafu akashikilia mkanda mmoja asiuachie. "Na nyongeza?"

Biashara isiyo na nyongeza huku haijakwisha. Mwuza nyanya hukuongezea mbili, mwuza dagaa hukuongezea gao la mkono, na asiyeongeza hukumbukwa vibaya. Khalayi alikuwa na ndizi zake za mchana katika mfuko, chana moja. Shikanga alizichukua zote, akaachia mkanda, akamtakia mema Jumamosi, kisha akaanza kuhangaika kuingiza mguu wake katika kiatu chekundu. Tulipoondoka alikuwa ameshaanza kuwatangazia watu kwamba vimetoka kwa jeshi la Ulaya.

Ijumaa pedi zilikwenda kwa Osiako, fundi viatu mwenye kibanda nyuma ya soko la mjini. Mzee Osiako hushona mipira, viti vya pikipiki na mabegi ya shule kwa sindano ile ile. Alihesabu matundu ya meno, akaacha kuhesabu. Khalayi alimpa kipimo alichokiandika kwenye karatasi: upana usizidi sentimita thelathini, ndivyo sheria inavyosema, na zenyewe zilikuwa na ishirini na nane. Kazi yake ilikuwa kuziba matundu, kujaza sponji palipotoka pamba, na kuweka turubai juu. Khalayi akarudi nyumbani kupika. Alizichukua saa kumi na mbili jioni, zimefungwa vizuri katika gazeti, na usiku alilala mapema kama mtoto ambaye kesho yake ni Krismasi.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko tulivyotarajia. Jairus aliacha trekta, akaja na wabeba miwa wenzake wanne ambao hawakujua sheria moja ya hoki na walikuja kupiga makofi tu. Wasichana wa Kisumu waliteremka wakiwa na jezi zinazofanana hadi soksi. Wote walionekana wana miaka ishirini, na kipa wao alikuwa na mfuko wenye magurudumu.

Refa alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, mtaratibu, asiye na haraka. Alikagua vifaa nusu saa kabla ya mechi. Kwa pedi za makipa alikuwa na fremu ya mbao yenye nafasi ya sentimita thelathini kamili. Pedi ikipita katikati, inafaa. Ya kipa wa Kisumu ilipita kama barua kwenye sanduku. Ya kulia ya Khalayi ilipita kwa kusukumwa. Ya kushoto iligoma. Refa aliigeuza, akajaribu tena kutoka chini. Ikagoma.

"Hii siwezi kuikubali," alisema. "Una dakika kumi. Zikiisha, mcheze bila kipa."

Mimi nilikuwa na rula. Pedi ilikuwa na thelathini na moja na nusu. Hatukuelewa, mpaka tulipomwona Mzee Osiako mwenyewe, amesimama kwenye kamba na kofia yake ya Jumapili, akitabasamu kwa fahari. Alikuwa amefurahi mno kuambiwa kazi ile ni ya mama anayerudi uwanjani. Upande wa kushoto, ulioumia zaidi, alikuwa ameongeza tabaka zima la sponji bila malipo, na kulizungusha hadi pembeni.

"Hiyo nilikuwekea nyongeza," alisema tulipomfikia.

"Najua, baba," Khalayi akamjibu. "Ndiyo inanitoa uwanjani."

Alikaa chini kwenye nyasi, akaomba kisu kilichokuwa kikikata machungwa ya mapumziko, akaanza kufumua mshono. Maurine alikuwa tayari amemwita mshambuliaji wa ziada na kumwambia apashe misuli moto. Mzee Osiako alipiga magoti karibu na Khalayi, akashika turubai likae wazi, na kazi yake ya siku nzima ikatoka vipande vipande, sponji ya njano ikitapakaa kwenye nyasi. Walipofika pembeni, nyongeza na kijazo cha kwanza vilikuwa vimeshikana kwa gundi. Haikuwezekana kutoa kimoja na kuacha kingine, vikatoka vyote viwili. Mbele ya muundi palibaki turubai na tabaka jembamba kama blanketi.

Maurine aliinama akapabonyeza kwa kidole. Alisema mpira ukimpiga pale, mguu utavunjika, na yeye hataki kumpelekea Jairus mke wa magongo.

"Mguu ni wangu," Khalayi akasema. "Niitie refa."

Mzee Osiako alishona mishono mikubwa saba kwa sindano aliyoitoa kwenye ukingo wa kofia yake. Zilibaki dakika mbili. Refa aliweka fremu, pedi ikapita. Akairudisha kutoka upande wa pili, ikapita tena. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akapuliza filimbi kuita timu.

Sitaeleza mechi yote, kwa sababu robo tatu yake ilikuwa ya wasichana wa Kisumu. Walikuwa na kasi, na akina mama wetu walipumua kwa midomo tangu dakika ya kumi. Kila walipovunja ukuta walimkuta Khalayi. Alidaka kwa pedi ya kulia, kwa kiatu, kwa fimbo, mara moja kwa wavu wa kofia. Na niliona kitu ambacho wengine hawakukiona: kila mpira uliokuja kushoto aliupindukia mwili mzima ili umguse kulia. Alikuwa akicheza akiwa na mguu mmoja na nusu.

Mshambuliaji wao, namba tisa, alianza kumchokoza. "Mathe, rudi jikoni, sufuria inaungua."

"Nimeiacha imefunikwa," Khalayi akajibu bila kuondoa macho kwenye mpira.

Robo ya tatu mwuza samaki wetu alifunga kwa kona fupi, ile adhabu ya hoki inayopigwa karibu na goli, bao baya, la kusukumana, lakini wavu hauchagui. Wabeba miwa walishangilia kwa muda mrefu hata mchezo ulipokuwa umeendelea. Kutoka hapo tulirudi nyuma wote, na saa ikawa nzito kutembea.

Sekunde za mwisho kabisa refa alionyesha kona fupi kwa Kisumu. Muda uliisha kabla haijapigwa, lakini sheria inasema kona fupi lazima imalizwe, kwa hiyo kilikuwa kitendo kimoja, hadi mpira utoke nje ya duara la goli, na baada yake hakuna kingine. Wakifunga, ni sare, na sare ingekwenda kwenye mikwaju, na miguu ya akina mama wetu isingefika huko. Mabeki wetu wanne walisimama kwenye mstari pamoja naye. Maurine alitaka kusema neno, Khalayi akamwonyesha kidole cha kimya.

Mpira ulitolewa, ukasimamishwa, na namba tisa akaupiga. Ulikwenda chini, kushoto, haraka kuliko mtu anavyoweza kupindukia. Na safari hii Khalayi hakupinduka. Alipeleka mguu wa kushoto wenyewe, akaukaza, na mpira ukampata katikati ya muundi pale palipokuwa na blanketi. Sauti yake niliisikia kutoka mezani kwangu. Mpira ulirudi uwanjani, wakaupiga tena, akaanguka upande wa kulia akautoa kwa kiatu. Mara ya tatu alikuwa ameshalala, na namba tisa alikuwa hatua mbili mbele yake, goli lote wazi. Khalayi alizungusha fimbo akiwa chini, kwa mkono mmoja, mkono wa mwiko, akaufagia mpira nje ya duara hadi kwenye viatu vya Jairus.

Filimbi.

Sijui ni nani aliyeingia uwanjani kwanza. Wauguzi walikuwa wakilia, mwuza samaki alikuwa amelala chali akicheka peke yake, na wabeba miwa walimzunguka Khalayi wakitaka kumbeba, ikabidi Jairus awasukume kwa maana Khalayi mwenyewe alikuwa hawezi kusimama. Alifungua mikanda polepole. Muundi wa kushoto ulikuwa umevimba kama yai la bata, zambarau tayari, lakini mfupa wa kusemwa umevunjika haukuwepo. Mmoja wa wauguzi aliupapasa mara mbili na kuapa kwamba ni mzima. Namba tisa wa Kisumu alikuja, akachuchumaa, akamwomba msamaha kwa maneno ya jikoni. Khalayi akamwuliza anakula nini huko chuoni, kwa kuwa anapiga mpira kama mwanamume.

Maurine alikuja na fomu ya ligi na kalamu yangu. Orodha ilikuwa na nafasi kumi na sita. Aliandika jina la Khalayi kwenye mstari wa kwanza, na upande wa kazi yake akaandika kipa. Kisha akauliza, kalamu ikiwa hewani, amuandike nani kuwa kipa wa akiba.

"Andika kipa mmoja tu," Khalayi akasema.

Alichukua kalamu mwenyewe, akaweka sahihi, herufi kubwa zenye matope. Alirudisha karatasi, akaugusa ule uvimbe kwa kidole cha shahada, akauliza mechi ya kwanza ni lini. Maurine akamwambia Jumamosi ijayo, Bungoma, saa nne asubuhi.

Khalayi alifikiri kidogo. "Basi mguu una siku sita," akasema, akanyoosha mkono ili Jairus amwinue.